Nafasi ya Tano



Kamati imenitaka niseme machache juu ya vijana wanaojiandaa kuingia vyuo vikuu hapa Uingereza.

Maombi hupitia UCAS, na mwanafunzi huruhusiwa kuchagua kozi tano. Anayetaka udaktari hupewa nne tu za udaktari, na fomu yake haina budi kufika kabla ya tarehe 15 Oktoba kupita. Nafasi ya tano hubaki kwa fani nyingine. Katika jamaa zetu nimeiona nafasi hiyo ikiachwa tupu, kwa kuwa baba aliona kuijaza ni kumtabiria mtoto mkosi. Vyuo vyote vinne vikakataa, na binti mwenye akili zake akakaa nyumbani mwaka mzima. Nawaombeni, wazazi wenzangu, nafasi ile aachiwe mtoto aijaze apendavyo, iwe kemia, iwe historia.

Tangu maombi ya kuingia mwaka 2026, maelezo binafsi yamegawanywa katika maswali matatu. La tatu lauliza aliyoyafanya mwombaji nje ya masomo. Watoto wetu hudhani hawana la kuandika, ilhali ndio wanaomfasiria bibi hospitalini na kuwalea wadogo zao mama akiwa kazini. Hayo yaandikwe, na wayaandike wenyewe.

Baada ya Alasiri nitakaa karibu na meza ya chai. Waje na maandishi yao. Wazazi nao waje, wasikilize.