Nani Aliwasimamisha? Picha za Mtaani za Karne ya 19 na Nakala Zake



Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple, barabara yenye pilikapilika jijini Paris. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, kwa hiyo magari ya farasi na wapita njia walipotea wote. Mtu aliyeonekana vizuri ni yule aliyetulia kung'arishwa viatu. Mpiga picha wa zama zile akitaka watu wa mtaani, sharti awasimamishe. Simlaumu kwa hilo. Hata sisi studio tunapangwa: kidevu juu, mikono magotini. Lawama yangu iko kwenye nakala.

Mwaka 1851 Henry Mayhew alitoa kitabu chake juu ya wachuuzi na maskini wa London. Richard Beard aliwapiga picha za dagereotaipu, na dagereotaipu ni bamba moja la shaba lililopakwa fedha. Haina negativu ya kutolea nakala. Ili picha iingie kitabuni, ilibidi ichongwe upya kwenye ubao. Wachongaji ndio waliowawekea watu hao barabara na kuta nyuma yao. Msomaji aliambiwa mchoro umetokana na dagereotaipu, naye akauamini wote, pamoja na ukuta.

Tuje nyumbani, Singida. Oscar Baumann, Mwaustria, alipita Iramba na Unyaturu katika safari yake ya 1892 hadi 1893. Kitabu chake kilichotoka Berlin mwaka 1894 kina picha 27 za ukurasa mzima na vielelezo 140 vidogo. Vilitokana na picha na michoro yake, lakini waliovitayarisha ni wasanii Rudolf Bacher na Ludwig Hans Fischer, ambao hawakuwamo msafarani. Tafakarini hilo, ndugu zangu. Kati yetu na mtu aliyesimama mbele ya Baumann kuna jicho la mgeni, mkono wa msanii na mashine ya uchapaji. Katika vitabu vya namna hiyo mtu hupewa kabila, jina lake likaachwa. Inaniuma, kwa sababu alikuwa babu au bibi wa mtu.

Unguja nako nakala zilikwenda kwa wageni: postikadi za mitaa za mpiga picha A. C. Gomes na wenzake zilinunuliwa nao, zikavuka bahari.

Kwa hiyo naomba wanafunzi wetu waanzie Mkalama na Kilimatinde, penye maboma ya Wajerumani, wawapelekee wazee picha za kitabu cha Baumann. Mzee aliyechunga ng'ombe maisha yake yote atawaambia, kabla hata hajavaa miwani vizuri, kama fimbo iliyo pichani imeshikwa kichungaji au mtu kapewa aishike kwa ajili ya kamera. Wayaandike maneno yake, na jina lake pia.