Musamaha wa kodi hauko zawadi ya mukubwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kisangani juu ya kodi ya nyumba na lupango

 Leo tunasema juu ya kodi. Najua, hili neno peke yake linafukuza watu. Lakini mubaki kidogo, sababu nyuma yake kuko swali lenye kutugusa sisi wote: nani ana haki ya kumwambia tajiri «wewe usilipe», na nani analipa pahali pake?

Kila mara mutu anapoleta mupango wa kujenga hoteli, jengo la orofa ao kiwanda katika muji wetu, maneno mawili yanatoka. Wengine wanasema: «Mumwache ajenge bila kodi, atatupatia kazi, na Boyoma itakuwa muzuri.» Wengine wanajibu: «Mwenye feza ndiye analipa wa kwanza.» Siwezi kuwachekelea wale wa kwanza. Kijana mwenye diploma ya Chuo Kikuu cha Kisangani, na ambaye anaamka saa kumi na moja kuendesha pikipiki ya mutu mwingine, ana haki ya kutamani hata kiwanda kimoja. Tunakumbuka SOTEXKI ilivyokuwa, tunaona ilivyobaki. Hakuna mutu hapa anayekataa watu wajenge. Tunachouliza ni hiki: ule musamaha unatoka wapi, unaisha lini, na nani aliupigia kura?

Tuanze na Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006. Artikle 171 inasema feza za serikali kuu na feza za majimbo ziko mbali mbali. Artikle 204 inataja kodi ya nyumba na lupango, ile kwenye makaratasi wanaita impôt foncier, kati ya mambo ya jimbo peke yake, pamoja na kodi ya feza za kupangisha na kodi ya magari. Ile kodi si ya Kinshasa. Ni ya Tshopo. Na artikle 174 inafunga mlango: hakuna kodi bila sheria, na hakuna musamaha wala kupunguziwa kodi bila sheria.

Musikie vizuri hapo. Katiba haikusema «kwa barua ya mukubwa», wala «kwa simu ya mheshimiwa». Imesema sheria. Na sheria inapita mbele ya wale tuliochagua, mlango wazi, kila mutu anasikia nani anasema ndiyo na nani anasema hapana.

Sasa kuko sheria ingine, ile ya uwekezaji, namba 004/2002 ya tarehe 21 mwezi wa pili 2002. Watu wengi wanaitaja, wachache wameisoma. Mwenye kuleta mupango wa dola 200,000 na zaidi anapeleka makaratasi kwa ANAPI. Kwa kampuni ndogo kuko njia yao, kuanzia dola 10,000. Akikubaliwa, mawaziri wawili wa Kinshasa, wa Plan na wa Feza, wanatia sahihi. Kisha anasamehewa mambo mengi, na kati yao kuko kodi ya ardhi na majengo ya ule mupango. Kinshasa ni miaka tatu. Sisi huku, tunaohesabiwa katika eneo la tatu, ni miaka tano.

Muangalie tarehe. Ile sheria ilitungwa miaka ine mbele ya Katiba. Katiba ikakuja ikasema kodi ya nyumba ni ya jimbo. Lakini karatasi ya kuisamehe bado inatiwa sahihi Kinshasa. Mwenye kusamehe yuko kule, mwenye kupoteza yuko hapa. Wewe ukikopesha jirani kinga yako, utakubali mutu wa tatu amwambie «usiirudishe tena»?

Na hata hiyo sheria haitoi bule. Inaomba kampuni iwe ya sheria ya Kongo, ifundishe wafanyakazi wa inchi, iheshimu mazingira, na izalishe hapa hapa thamani mupya isiyopungua 35 kwa mia. Tena inaacha inje biashara tupu ya kununua na kuuzisha, inaacha inje banki na asiranse. Basi, mutu akifungua magazini kubwa katikati ya muji na kusema «mimi niko na musamaha wa sheria ya uwekezaji», mumuombe karatasi. Kwa heshima, bila fujo, lakini aonyeshe.

Kuko wale watasema: tukimulipisha, ataenda kujenga Bunia ao Kampala. Tujiulize kweli: ni nini kinamufukuza mwenye feza hapa Kisangani? Umeme wa barrage ya Tshopo wenye kukatika, barabara zenye kumeza magari, makaratasi ya lupango yenye wenyewe wawili ao watatu, na ofisi kumi zenye kuomba kila moja feza yake. Kodi ya lupango iko chini kabisa ya hiyo orodha. Na kutengeneza barabara kunaomba feza, ile ile feza tunayotaka kumusamehe.

Bandugu, tukumbuke pia nani alijenga huu muji. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya kartie zetu. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyokuja kutazama ilihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa ao kuharibiwa. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, korti ya La Haye iliamua Uganda ilipe inchi yetu dola milioni 325, na kati yao milioni 40 ni juu ya mali iliyoharibiwa kwa inchi nzima. Lakini kati ya hiyo miaka yote, matofali yalibebwa na nani? Na mama mwenye kuuzisha sombe sokoni, na baba aliyesukuma kinga yenye mizigo. Walijenga mara mbili nyumba ile ile. Kama kuko mujenzi anayestahili kusamehewa katika huu muji, ni nani anamupita yule?

Hapa wengine watafikiri nasema maneno ya huruma tu. Hapana. Kuko hesabu, na ilifanywa hapa Kongo, katika muji wa Kananga.

Mwaka 2018, jimbo la Kasai-Central lilituma watu nyumba kwa nyumba kulipisha kodi ya lupango. Nyumba ndogo ilipaswa kulipa franga 3,000 kwa mwaka, nyumba kubwa kidogo 13,200. Watafiti watatu, Augustin Bergeron, Gabriel Tourek na Jonathan Weigel, walifuata hiyo kazi kwa wenye malupango 38,028. Kwa bahati nasibu, wengine walipewa kodi kamili, wengine walipunguziwa 17 kwa mia, wengine 33, wengine nusu. Nini ilitokea? Kodi ilipopungua, watu wengi zaidi walilipa. Hesabu yao ilionyesha kama kupunguza karibu sehemu moja juu ya tatu ndiko kungeleta feza nyingi zaidi kwa jimbo, si feza kidogo. Mutu mudogo hakuwa mukaidi. Alikuwa anaombwa kupita nguvu yake.

Katika muji ule ule, mwaka ule ule, utafiti mwingine ulionyesha kama pahali wakubwa wa kartie walikusanya ile kodi wao wenyewe, badala ya watu wa ofisi, mapato yalipanda kwa 44 kwa mia. Juu ya nini? Mukubwa wa kartie anajua nani ana uwezo na nani mgonjwa, nani yuko na nani alihama.

Na mbele ya hapo, katika kampeni ya kodi ya mwaka 2016 pale pale Kananga, Weigel aliona kitu ambacho sisi vijana tunapaswa kubeba nyumbani: kartie zilizotembelewa na walipishaji, watu wake walianza kufika zaidi kwenye mikutano ya serikali na kuandika maoni yao juu ya kazi ya jimbo. Mutu akitoa feza yake, anaanza kuuliza. Ndiyo maana musamaha wa siri ni mubaya mara mbili. Unatoa feza kwenye sanduku, na unatoa mutu mwenye nguvu kati ya wale wenye kuuliza feza inaenda wapi. Tajiri asiyelipa hana haraka ya kujua budjeti ya muji.

Kwa hiyo, tusidanganyike kama kuko vita kati ya «wenye kutaka maendeleo» na «wenye kutaka kodi». Kupunguza kodi kunaweza kuwa kitu kizuri. Neno ni kuanza na nani, na kwa njia gani.

Tena tusisahau: tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 tulichagua kwa mara ya kwanza chini ya hii Katiba wakonseye wa komine. Kwa miaka mingi meya na bulugumesitre walitoka kwa karatasi ya juu, na hakuna aliyekuwa na deni kwetu. Sasa kuko watu wenye majina yao tuliandika kwenye kura. Hawa ndio wa kuuliza wa kwanza, pamoja na wadeputé wa jimbo letu.

Maombi yetu ni ine, na ni ya kawaida.

Moja: kila jengo lenye musamaha litangazwe. Jina la kampuni, avenue, karatasi inayotoa musamaha, siku unapoanza na siku unapoisha. Ibandikwe kwenye ofisi ya komine, pahali kila mutu anaweza kusoma.

Mbili: musamaha wowote wa kodi ya jimbo upite kwa sheria ya jimbo, ile inaitwa édit, na upigiwe kura mbele ya watu. Ule unaotoka Kinshasa, gavana aulize na Bunge la jimbo lijadili tunapoteza ngapi.

Tatu: mwenye kuahidi kazi na hakuzitoa, musamaha wake ukatwe. Ahadi iandikwe kwa hesabu, si kwa hotuba.

Ine: mbele ya kumusamehe mwenye orofa, jimbo lijaribu kupunguzia wenye nyumba ndogo, na kila anayelipa apewe risiti.

Sasa kazi yenu. Hatuombi mutu arushe jiwe wala achome tairi. Muende wawili ao watatu kwenye ofisi ya komine yenu, na barua moja yenye maulizo matatu: nani amesamehewa, kwa sheria gani, mpaka lini? Muombe muhuri wa kupokea kwenye kopi yenu. Kama wanakataa kupokea, muandike siku, saa na kazi ya yule aliyekataa, kisha murudi juma linalofuata. Barua moja wanaiweka chini ya meza. Barua kutoka komine zote sita, zenye muhuri, zinakuwa mzigo, na mzigo mukubwa hautoshi chini ya meza.