Ufunguo Mdogo Unaomzuia Mdukuzi

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha hamasa kuhusu usalama wa kompyuta



Mwizi wa siku hizi havunji mlango. Hutuma ujumbe kwa simu, kisha hungoja mwenye nyumba amfungulie.

Tarehe 20 Julai 2022, wafanyakazi wasiopungua 76 wa kampuni ya Cloudflare ya Marekani walipokea ujumbe wa aina hiyo kwa muda usiofika dakika moja. Uliwaelekeza kwenye tovuti bandia iliyofanana na ukurasa wao wa kazi. Watatu waliingiza nywila zao. Hata hivyo, wadukuzi hawakufaulu kuingia. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wa usalama, yaani kifaa kidogo mfano wa flashi, na bila kifaa hicho akaunti haifunguki. Kampuni nyingine ya huko, Twilio, ilishambuliwa kwa njia kama hiyo, na taarifa za baadhi ya wateja wake zikafikiwa.

Ufunguo huu hufanyaje kazi? Ndani yake mna chipu yenye siri isiyotoka nje. Mwenyewe huuchomeka kwenye kompyuta na kuugusa, nayo chipu huijibu tovuti iliyosajiliwa pekee. Tovuti bandia, hata ifanane vipi na ile halisi, anwani yake ni tofauti. Kwa hivyo haipati jibu. Jicho la binadamu hudanganyika kwa sura ya ukurasa. Chipu huangalia anwani.

Karani anayetunza rekodi za wagonjwa, mweka hazina wa chama, mwenye saiba: nywila ya mmoja wao ikiibwa, wanaoumia ni wengi.

Anayeweza anunue funguo mbili, mmoja wa kutumia na mwingine wa akiba, kwa maana ukipotea mmoja tu, mwenyewe anaweza kufungiwa nje. Aanze na barua pepe, kwani nywila nyingine nyingi hubadilishiwa hapo. Asiyeweza kununua asikate tamaa. Simu nyingi za kisasa zinaweza kufanya kazi hiyo kwa alama ya kidole.

Ila ufunguo si dawa ya kila ugonjwa. Hauondoi virusi, wala haumsaidii anayemtajia mtu PIN yake ya M-Pesa. Hiyo PIN ni ya mwenyewe peke yake.