Bei ya Noeli

 

Siku hizi za Desemba, alfajiri, wapo wakazi wa Nyasho wanaoelekea kituo cha mabasi cha Bweri. Wanakwenda Mwanza kununua vitu vya Noeli, safari ya zaidi ya kilomita 200 kupitia Bunda, Lamadi na Magu. Na usiku hurejea na mizigo ya viatu vya watoto, vitenge na nguo za mitumba. Safari hiyo si dhambi. Mzazi anayetaka mwanawe apendeze siku ya kuzaliwa kwa Bwana anafanya tendo la upendo.

Wenzetu wa mbali nao husafiri hivyo. Katika mji wa kale wa Dresden, Ujerumani, liko soko la Noeli lililoanza mwaka 1434. Baridi ikiwa kali na giza likiingia mapema, watu hufika kwa treni na mabasi, wakatembea kati ya vibanda na taa, na jioni hiyohiyo wakarudi makwao. Lakini mwanzoni soko lile lilikuwa la siku moja tu, ili watu wapate nyama ya sikukuu baada ya mfungo wa Majilio. Hata mkate wao wa majira hayo ulikuwa wa mfungo, usiotiwa siagi. Ruhusa ya siagi ilitolewa na Papa Innocent VIII mwaka 1491. Kwanza walifunga, kisha wakanunua. Mtu aliyeonja njaa huingia sokoni akiijua njaa ya mwenzake.

Ndugu wapendwa, sisi tunaingia sokoni na moyo gani? Tuutazame mkono wa mnunuzi. Katika duka kubwa la mjini bei imeandikwa. Mkono hutoa fedha na mdomo hunyamaza. Kesho yake mkono uleule uko sokoni Nyasho, mbele ya mama aliyepanga nyanya mafungu mafungu juu ya gunia, na hapo mdomo hufunguka: punguza, ongeza, nyanya zako ndogo, nitakwenda kwa mwingine. Kupatana bei ni desturi yetu, wala haina ubaya. Ubaya huanza pale mnunuzi anapoona kwamba jua linazama, mvua inakuja na nyanya zitaoza, akaifanya shida ya muuzaji kuwa faida yake. Mama yule naye ana Noeli. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 shule za Serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi cha sita. Lakini sare, viatu na madaftari ya Januari bado vinamsubiri mzazi.

Na fundi cherehani wa barazani, aliyekesha akishona nguo za sikukuu, mara ngapi huambiwa arudi mwaka mpya? Torati iliagiza kwamba maskini apewe ujira wake siku ileile, kabla jua halijatua.

Mwinjili Luka anatueleza kwamba Bethlehemu, mji wa Daudi, ulikuwa na wageni waliokuja kuandikwa, na Maria na Yosefu wakakosa nafasi. Baadaye wazazi hao walimpeleka Mtoto Yerusalemu, wakatoa sadaka iliyoruhusiwa kwa wale wasioweza kumpata mwana-kondoo: ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Tunajua pia kwamba njiwa waliuzwa hekaluni, kwa maana Yesu alipokuwa mtu mzima alivipindua viti vya wauzaji wao. Basi Mwana wa Mungu aliwajua watu wa soko tangu alipobebwa mikononi, naye alisimama upande wa mnunuzi maskini. Kama siku ile tungalikuwa wauza njiwa, Yosefu akaja na fedha yake chache, tungalimwuzia kwa bei gani? Na leo, akiwa yeye ndiye aliyeketi nyuma ya gunia la nyanya, tungempa kiasi gani?

Zimebaki siku chache. Mwenye deni la fundi alilipe kabla ya kupanda basi. Mwenye kununua fungu la dagaa au la nyanya aache chenji ibaki kwa aliyelipanga. Na mzigo wa Mwanza ukifunguliwa, kitu kimoja kivuke ua, kiende kwa mtoto ambaye mzazi wake hakupata nauli. Hapo ndipo Bwana atakapopata nafasi Nyasho, ambayo hakuipata Bethlehemu.

Mungu Mwenyezi awabariki, awajalie Noeli njema ninyi na wale mnaonunua kwao. Amina.