Gari Limepinduka: Jihadhari na Umeme na Mfuko wa Hewa
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matano: betri, waya, cheche, usukani, mfuko wa hewa. Someni pamoja, polepole, mara mbili.

Vema. Somo letu la leo ni la barabarani. Ninyi mnaokaa Ruanda, wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe, mnaijua barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikapita Mbeya, ikafika Tunduma mpakani, na kuvuka kuingia Zambia. Usiku na mchana malori hupita. Hupita pia motokaa zilizokwisha kutumika ng'ambo, zilizoteremshwa bandarini Dar es Salaam, zikiendeshwa kwenda Zambia na Kongo. Gari likipinduka, afikaye kwanza si askari wala mtu wa zimamoto. Ni wewe, uliye karibu katika shamba lako la kahawa au dukani kwako. Basi yakupasa ujue la kufanya, na zaidi ya hayo ujue la kuacha.

Watu wote huogopa moto, nao wana haki. Lakini ndani ya gari lililogongwa mna hatari mbili ambazo macho hayazioni upesi. Ya kwanza ni umeme. Ya pili ni mfuko wa hewa.

KABLA YA KULIKARIBIA GARI

Simama kwanza. Tazama juu, kisha tazama chini. Je, gari limegonga nguzo ya umeme? Je, waya umelala juu ya gari au umeanguka majanini? Kama ni hivyo, usikaribie. Kaa mbali zaidi ya mita 10, na uwazuie wengine. Waya ulioanguka waweza kuwa na umeme ingawa hautoi cheche wala sauti, na umeme huo hutambaa ardhini. Waambie waliomo ndani kwa sauti kuu: "Kaeni humo humo, msiguse kitu!" Waite watu wa TANESCO waukate umeme. Moto ukiwaka na ikawa lazima watoke, na waruke miguu yote miwili pamoja, wasiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha waende kwa kuburuta nyayo bila kuzitenganisha.

Mpigieni simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba yake ni 114. Iandike sasa katika daftari lako: moja, moja, nne.

BETRI

Kama hakuna waya wa nguzo, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ili gari lisisogee. Kisha zima gari kwa ufunguo. Magari mengine hayana ufunguo wa kuzungusha, bali kitufe cha kubonyeza. Zima, kisha uupeleke ufunguo wake mbali na gari, mita 5 au zaidi.

Motokaa ndogo ina betri ya volti 12. Lori kubwa huwa na betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24. Umeme huo si kawaida kumwua mtu kwa kumshika, lakini hutoa cheche, na cheche moja yatosha kuwasha petroli. Hata hewa itokayo katika betri yenyewe yaweza kulipuka. Na maji yaliyomo ni asidi. Huunguza ngozi na macho.

Sasa sikilizeni kwa makini. Petroli ikiwa imemwagika, usifungue betri. Kuufungua waya wake ndiko kunakotoa cheche. Watoe watu kama waweza, uondoke nao.

Mtakumbuka habari ya Msamvu, Morogoro. Tarehe 10 Agosti mwaka 2019 lori la mafuta lilipinduka pale. Watu walikusanyika na madumu yao kuchota mafuta. Lori likalipuka, na waliokufa walizidi 100. Habari zilizoandikwa siku hizo zilisema kwamba mtu mmoja alikuwa akijaribu kuling'oa betri la lori hilo, cheche zikaruka. Gharama ya betri moja na dumu moja la mafuta, tazameni ilivyokuwa.

Kama hakuna mafuta yaliyomwagika, na fundi yupo, betri yaweza kufunguliwa. Lakini kwanza tumieni umeme uliopo: shusheni vioo, fungueni milango, rudisheni kiti nyuma pole pole, kwani betri ikishafunguliwa vitu hivyo havitaenda tena. Kisha fundi aanze na waya wenye alama ya kutoa, yaani (–). Kwa nini? Kwa sababu waya huo umefungwa kwenye mwili wa gari. Akianza na waya wa kujumlisha, yaani (+), spana yake ikigusa bati, cheche zitaruka. Betri nyingine hazimo mbele; zimo nyuma penye mizigo, au chini ya kiti.

WAYA WA RANGI YA CHUNGWA

Siku hizi yako magari yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Mafundi huyaita haibridi. Mara nyingi nyuma yake pameandikwa HYBRID. Someni herufi hizo moja moja. Gari la namna hii laweza kunyamaza kimya kama limezimwa, kumbe li tayari kuondoka. Ndani yake mna betri kubwa yenye volti nyingi, na umeme huo huua. Nyaya zake zina rangi ya chungwa. Kanuni ni moja tu: usiuguse waya wa rangi ya chungwa, usiukate, usiuvute, hata kama umechanika.

MFUKO WA HEWA

Mfuko wa hewa umekunjwa ndani ya usukani, na mwingine mbele ya abiria. Magari mengine yana mifuko ubavuni mwa viti na juu ya milango. Gari likigongwa, mfuko hujaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ukamkinga mtu. Huo ni wema wake. Lakini mfuko ambao haujafumuka waweza kufumuka wakati wewe umeinama ndani kumtoa majeruhi, ukakuvunja shingo au ukamwumiza yeye mara ya pili.

Utaujuaje? Tafuta herufi S, R, S, au neno AIRBAG, kwenye usukani, juu ya dashibodi, kwenye kiti na kwenye nguzo za milango. Usidhani kwamba mmoja ukifumuka yote imekwisha. Wa dereva waweza kuwa umefumuka, na wa ubavuni bado.

Tena usidhani kwamba betri ikifunguliwa hatari imekoma papo hapo. Kipo kifaa kidogo kinachoweka akiba ya umeme kwa ajili ya mifuko hiyo. Magari hayafanani: katika baadhi akiba hiyo huisha kwa sekunde chache, katika mengine huchukua dakika kadhaa. Kwa hiyo shikeni vipimo hivi:

1. Mbali na mfuko wa ubavuni: sentimeta 13, yaani zaidi kidogo ya nusu shibiri.
2. Mbali na usukani: sentimeta 25, yaani shibiri moja na kidogo.
3. Mbali na mfuko wa abiria: sentimeta 50, yaani kiasi cha mkono mmoja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole.

Usiweke kichwa chako kati ya majeruhi na usukani. Usiweke kitu juu ya dashibodi. Usipige mtaimbo wala shoka kwenye usukani au kwenye nguzo za paa, kwani humo mwaweza kuwa na mtungi wa gesi iliyoshindiliwa. Mfuko uliokwisha kufumuka usukume kando. Unga wake huwasha, basi nawa mikono.

Na majeruhi? Kama hakuna moto wala dalili yake, usimvute. Mwinamie kutoka ubavuni kwa vipimo vile, mshike kichwa kisitikisike, zungumza naye, ngojeni waokoaji. Moto ukitokea, mtoe upesi.

MASWALI

1. Ukiona waya wa umeme juu ya gari, utafanya nini?
2. Ni wakati gani betri haifunguliwi kabisa?
3. Kwa nini waya wa (–) hufunguliwa kwanza?
4. Waya wa rangi ya chungwa una maana gani?
5. Andika namba ya Zimamoto bila kutazama daftari.

Jioni ya leo, msomee somo hili mtu mmoja nyumbani ambaye hakuja darasani. Tahadhari kabla ya hatari. Kwaherini.