Mgodi Ukija Jirani na Shamba Lako

Tumezoea kuzungumza habari za mbegu, mbolea na wadudu waharibifu. Leo tunaliweka jembe pembeni kidogo, tuseme habari za mgodi. Utauliza, mgodi na mkulima wapi na wapi? Sikiliza.

Nzega, katika Mkoa wa Tabora, ni mji mdogo ulio njia panda ya kwenda Tabora, Shinyanga na Singida. Watu wa huko hulima mpunga mbugani, mahindi, karanga na pamba, na wanafuga ng'ombe. Mwishoni mwa mwaka 1998 mgodi wa Golden Pride, ulioko Lusu wilayani humo, ulianza kutoa dhahabu. Wenyewe walikuwa kampuni ya Resolute kutoka Australia. Wakati huo mgodi mpya wa Geita na ule wa Bulyanhulu bado haujaanza kazi. Zikatoka wakia zaidi ya milioni 2. Na mwaka 2013 uchimbaji ukakoma. Hesabu basi: miaka 15. Mtoto aliyezaliwa mitambo ikiingia alikuwa bado yuko shuleni ilipozimwa.

Nautaja umri huo mapema kwa sababu huko Wilaya ya Sengerema mgodi mpya wa Nyanzaga ulianza kujengwa mwaka 2025, na wakulima wa sehemu nyingine nao watapata wageni wa namna hiyo. Mgodi unapokuja, kila mtu husema kana kwamba utakaa milele.

Tuanze na soko. Mgodi unalisha watu kila siku, lakini haununui debe moja moja. Unataka nyanya safi, za ukubwa mmoja, kila wiki, masika na kiangazi, kwa mkataba na ankara. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka kampuni ya madini itangulize bidhaa za Watanzania. Sawa, ila mfanyabiashara mkubwa wa mjini naye ni Mtanzania! Mkulima mmoja mwenye nusu eka ya bustani hamwezi huyo. Wakulima 30 katika chama cha ushirika, wenye kisima na ratiba ya kupanda kwa zamu, wanaweza kujaribu. Tena msiwasahau mama lishe na wapangaji wa mjini. Hao hununua mchicha, maziwa na mayai bila mkataba wowote, na pesa wanatoa papo hapo.

Bei ikipanda, inapanda kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Anayeuza mpunga wote wakati wa mavuno akategemea kununua unga mwezi wa kwanza atanunua kwa bei ya mji wa mgodi. Chakula cha mwaka kiingie ghalani kwanza.

Halafu kuna vijana. Wakati wa ujenzi vibarua huitwa wengi, na mara nyingi ni wakati huo huo wa palizi. Ujenzi ukiisha, mgodi wa mitambo hubaki na watu wachache: madereva, mafundi, wapishi, walinzi. Kijana mwenye cheti cha VETA ana nafasi kubwa kuliko mwenye nguvu za mikono tu. Na wazazi, semeni na watoto wenu waziwazi juu ya UKIMWI. Mji wa wageni wenye pesa mfukoni una hatari zake.

Sasa fidia, na hapa naomba mtulie. Ukiambiwa uhame, mthamini atakuja kuhesabu. Uwepo mwenyewe, na mwenyekiti wa kijiji awepo. Hesabuni pamoja miembe, mihogo, choo, kisima, zizi, kila kitu. Soma fomu kabla ya kutia sahihi au dole gumba, na ubaki na nakala. Sheria za ardhi za mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2001 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Si bei ya ardhi na mimea tu: kuna posho ya usumbufu, na kama ulikuwa ukiishi hapo, posho ya usafiri na ya makazi. Ikipita miezi 6 haijalipwa, inadai riba. Lakini anayekimbilia kupanda miche baada ya uthamini hupoteza miche yake bure.

Na pesa ikifika, mama wa nyumba aijue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mimi naona fidia nayo istahili heshima hiyo hiyo. Tafuteni shamba kwanza, pikipiki baadaye. Bei ya mashamba jirani hupanda haraka watu wengi wakilipwa siku moja.

Mifugo isikaribie bwawa la topesumu, kwa maana dhahabu huoshwa kwa sianidi. Maji ya kisima yakibadilika rangi au harufu, acheni kuyatumia, mpelekeni habari mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, na iandikwe.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi 3. Nendeni, mkaulize ushuru wa huduma unaolipwa na mgodi kwa halmashauri umefanya nini kijijini kwenu: barabara ya kutolea mazao, josho, au lambo. Swali hilo liingie katika kumbukumbu za mkutano pamoja na jibu lake.