Makaa Yaliyobaki Jioni

Sisi wa Makongeni, hapa Thika, tukisikia habari za nguvu zisizokwisha, fikira zetu huenda kwenye stima. Na kweli, sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutokana na maji ya mto Tana, upepo, jua, na mvuke wa ardhini wa Olkaria, ulioanza kutumiwa mwaka 1981. Basi taa zetu hazina kesi kubwa. Kesi iko jikoni.

Mama anayenunua makaa kwa mkebe hulipa zaidi kuliko anayenunua gunia, naye ndiye asiye na akiba. Mwaka 2018 serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ilipanda, na mkebe ukaumiza zaidi.

Jiko lenye udongo ndani na bati nje, ambalo mafundi wa jua kali wameliunda tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa thuluthi moja hivi kuliko lile la bati tupu. Ukilinunua, tazama udongo usiwe na ufa. Maharagwe ya githeri yalowekwe usiku, na sufuria ifunikwe. Haya ni madogo, lakini Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano aliagiza mabaki yakusanywe, tunasoma katika Yohana 6. Makaa yaliyobaki baada ya ugali ni mabaki vilevile. Yatie katika kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, uliweke nje. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho yatawaka tena.

Lakini liko jambo la kufa na kupona. Mwezi wa Julai, baridi ikizidi, wengine huingiza jiko chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na nyumba nzima yaweza isiamke. Petro naye aliota moto wa makaa, ila alikuwa uani.

Gesi ya mtungi haitoi moshi, ingawa nayo hutoka ardhini na itakwisha. Iliyo bora ni sufuria ya stima ya kubana mvuke, maana huivisha githeri kwa stima kidogo. Bei yake ni nzito kwa mtu mmoja. Vikundi vyetu vya akina mama, ambavyo hununuliana vyombo kwa zamu, vyaweza kuinunua vivyo hivyo, na zamu ya kwanza apewe yule mwenye mtoto anayekohoa.